Kangaga linaloelea: mbona "gugu" linalindwa kisheria?

Kuna swali linajirudia kila inapozunguka mitandaoni ile picha ya maji yaliyofunikwa kijani kitupu na maelezo kwamba mmea huo unalindwa Ulaya na ukiung'oa hovyo unaweza kuingia matatani. Watu wanashangaa na wana haki ya kushangaa, maana yeyote anayejua habari za Ziwa Kariba au Naivasha anaona kabisa ni lile lile gugu linaloelea lililowazibia wavuvi njia, sasa inakuwaje huku watu wanatafuta wadudu wa kulitafuna afu kule linawekewa ulinzi? Jibu fupi ni kwamba hiyo ni mimea miwili, ya ukoo mmoja lakini yenye tabia tofauti kabisa. Jibu refu lina utamu wake, maana ukishalielewa unaelewa pia kwanini kitu kinaweza kuwa kingi na bado kikawa hatarini, jambo ambalo linawachanganya hata waandishi wa habari.

Tuanze na maneno yenyewe. Kangaga ni mmea wa kundi la kale sana, hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Unazaliana kwa spora, chembe ndogo ndogo ambazo kwa makangaga mengi unaziona kama vidoti vya kahawia nyuma ya jani. Wengi wetu tunayajua yale ya nchi kavu, yanayopenda kivuli na unyevu. Ila kuna machache yaliyohamia majini moja kwa moja, hayashiki udongo, yanaelea tu. Maarufu ni ya jenasi mbili (jenasi ni kundi la spishi za karibu), Azolla na Salvinia. La kwenye picha ni Salvinia natans, na hapa chini nitaliita natans tu ili tusichoshane.

Jina lake lina historia kidogo. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kisayansi, aliliorodhesha mwaka 1753 akaliweka jenasi nyingine, afu mtaalamu wa mimea Carlo Allioni wa Italia akalihamishia Salvinia mwaka 1785. Jenasi yenyewe ilipewa jina kumuenzi Anton Maria Salvini, profesa wa Kigiriki huko Florence, mtu wa vitabu na mashairi, na leo jina lake linatajwa kwa hasira kwenye mabwawa ya nusu ya dunia kwa sababu ya ndugu wa mmea huu. Maskini profesa.

Kwa umbo natans ni kadogo. Kashina kamelala juu ya maji, urefu wa sentimita chache tu au zaidi kidogo ya kumi, na majani yamepangwa matatu matatu. Mawili yanaelea, kila moja kama sentimita moja hivi, ya mviringo mrefu, yana vinyweleo vinavyokataa maji kiasi kwamba tone likidondoka linateleza na kuondoka. La tatu linaning'inia chini ndani ya maji, limechanika nyuzi nyuzi, na ukilitazama utaapa kwamba ni mzizi. Sio mzizi. Salvinia haina mizizi kabisa, hata mmoja, ile ni jani lililojibadilisha, ndo linafyonza virutubisho na ndo linabeba vile vifuko vya spora. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mizizi yake inashika tope na kuharibu kitako cha ziwa, huyo hajawahi kuugeuza huo mmea juu chini.

Sasa tuje kwenye maisha yake, na hapa naomba usiruke maana kila kitu kinachofuata kimesimama hapa.

Kule Ulaya natans ni mmea wa mwaka mmoja, jambo ambalo kwa makangaga ni nadra, mengi yanaishi miaka na miaka. Majira ya kuchipua maji yakianza kupata joto, spora zilizolala chini zinaamka na kupanda juu. Kuna spora za aina mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, zinakutana hapo hapo majini, mmea mpya unaanza, na mwanzoni ni mdogo kiasi cha kutoonekana ukipita na mtumbwi. Kuanzia Mei au Juni unaanza kuviona vijani juu ya maji. Kiangazi chote unaongezeka kwa kukatika, yani kashina kakivunjika kila kipande kinaendelea na maisha yake, na ikifika Agosti au Septemba ghuba ndogo inaweza kuwa kijani ukuta mpaka ukuta. Hapo ndo watu wanapiga picha. Afu vuli inaingia, mmea unatengeneza vifuko vya spora kwenye lile jani la chini, baridi ya kugandisha inakuja na kuua kila kitu, na vifuko vinazama. Wakati wa baridi kwenye ziwa zima hakuna jani hata moja lililo hai. Spishi yote ya ziwa hilo iko chini kwenye tope, imelala, inasubiri.

Ukilielewa hilo umeelewa udhaifu wake. Mmea unaoonekana umejaa Septemba unategemea mambo yawe sawa pale chini mpaka Mei: tope lisichotwe, maji yasikauke, yasiwe na mkondo wa kuzoa spora kuzipeleka baharini, na sehemu iwe na kina kifupi ili jua lipashe maji mapema. Mwaka mmoja tu wa kuharibu hapo, mwaka unaofuata unapita pale pale na hukuti kitu.

Ndugu yake, Salvinia molesta, hana stresi hizo. Huyu asili yake ni kusini mashariki mwa Brazil, na hana uwezo wa kuzaa kwa spora kabisa, vifuko anavyo lakini vitupu au vyenye spora zisizofaa, kwa sababu ana seti tano za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na hesabu ya kugawa seti tano kwa usawa haikubali. Ungedhani hiyo ni kasoro. Kumbe anaongezeka kwa vipande tu, haraka mno, kwenye joto na virutubisho vya kutosha anaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku chache, na kwa kuwa nchi za joto hazina baridi ya kumuua hapumziki mwaka mzima. Mtu akimwaga maji ya tangi la samaki mtoni, kipande kimoja kinatosha.

Kariba ndo mfano wa kitabuni. Bwawa lilianza kujaa Desemba 1958, mwaka uliofuata tu mmea ukaonekana, na kufikia 1962 ulikuwa umetanda kwenye takriban kilomita za mraba 1,000, zaidi ya moja ya tano ya ziwa lote. Na hapa kuna kisa kinachoonyesha kwamba kuchanganya ndugu hawa sio ujinga wa watu wa mtaani peke yao. Kwa miaka mingi wanasayansi wenyewe waliuita Salvinia auriculata, ndugu mwingine wa Amerika Kusini, mpaka mwaka 1972 David Mitchell, aliyekuwa akiufuatilia huko huko Kariba, alipoueleza kama spishi inayojitegemea na kuupa jina molesta. Kabla ya hapo wadudu wa kuudhibiti walitafutwa kwenye spishi isiyo yenyewe, wakaletwa, na kazi yao ikawa ya kusuasua. Nyumbani kwao halisi kulipopatikana Brazil mwaka 1978, kukapatikana na fukusi mdogo mweusi, Cyrtobagous salviniae, na hata yeye mwanzoni alidhaniwa ni fukusi mwingine aliyekuwa ameshajaribiwa. Alipoachiwa Ziwa Moondarra kule Australia mwaka 1980, ndani ya kama mwaka mmoja na kidogo zulia la gugu lilikuwa limeisha. Miaka yote hiyo ya kuhangaika, kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu majina yalichanganywa.

Kwa hiyo hapo tuna pande mbili. Molesta yupo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, alichaguliwa mwaka 2013 kuziba nafasi iliyoachwa na virusi vya sotoka baada ya ugonjwa huo wa ng'ombe kutokomezwa, na Umoja wa Ulaya ulimuweka kwenye orodha yake ya spishi vamizi mwaka 2019, maana yake ni marufuku kumuingiza, kumuuza, kumfuga wala kumuachia. Natans yupo kwenye Kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Bern wa 1979, ule wa kuhifadhi wanyama na mimea pori ya Ulaya, kile cha mimea inayolindwa kikamilifu, ambapo nchi zilizosaini zinatakiwa zizuie watu kuichuma, kuikata au kuing'oa kwa makusudi. Bara moja, jenasi moja, mmoja anafukuzwa mwingine analindwa. Na kwa macho ya haraka wanafanana! Ndo maana mkanganyiko hauishi.

Swali la pili linaloulizwa sana: natans ni hatarini kweli? Maana ukiingia kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima spishi zipi ziko hatarini, kwa dunia nzima unaikuta kwenye kundi la wasiwasi mdogo kabisa. Watu wanasoma hapo wanasema basi tumedanganywa. Hujadanganywa, ni kwamba kuna ngazi. Chukulia klabu ya mpira yenye mashabiki kila kona ya dunia, klabu haifi leo wala kesho, lakini tawi la mtaa mmoja linaweza kufungwa, wanachama wakatawanyika, bendera ikashushwa, na kwa watu wa mtaa ule habari kwamba klabu iko imara kwingine haiwasaidii kitu. Natans imeenea eneo kubwa mno, kuanzia Ulaya ya kati na kusini, kupita mito ya Danube na Dnipro na Volga, mpaka India, China na Japani. Huwezi kusema spishi yote inaondoka. Lakini matawi yake mengi yamefungwa au yanakaribia kufungwa, Italia kwenye bonde la mto Po, Ujerumani kwenye sehemu ya juu ya mto Rhine, Japani kwenye mashamba ya mpunga, na nchi hizo zina orodha zao nyekundu za kitaifa ambazo zinalitaja kama lililo hatarini kwa viwango tofauti. Zote mbili ni kweli kwa pamoja. Anayetangaza moja bila nyingine ndo anayepotosha.

Afu kuna sababu ya kujali tawi hata kama klabu ipo. Spora za natans zinazama, hazipeperushwi na upepo kama za makangaga ya nchi kavu. Kutoka ziwa moja kwenda lingine zinategemea mafuriko yaunganishe maji, au ndege wa majini abebe kipande kwenye miguu. Kwa hiyo likipotea kwenye bonde fulani, kurudi lenyewe inaweza kuchukua muda mrefu sana, na kama mto umeshatengwa na vijiziwa vyake ndo haliji kabisa.

Hapo tumefika kwenye chanzo chenyewe, na sio kile ambacho watu wengi wanafikiria. Wengi wanadhani mmea uliolindwa ni mmea dhaifu unaotaka maji masafi ya kuonekana mpaka chini. Natans haiko hivyo. Inapenda maji yaliyotulia, ya joto, yenye virutubisho vya kutosha, yani vile vijiziwa vya pembeni ambavyo mto unaviacha ukibadilisha njia, mikono ya mto iliyokufa, ghuba zenye matete, mitaro ya zamani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 ya kulinda makazi ya viumbe ina kundi maalum la maziwa ya asili yenye virutubisho vingi, na mimea inayoelea kama hii ndo alama yake. Kwa kifupi mmea huu unaishi kwenye uvivu wa mto. Na karne mbili zilizopita mito ya Ulaya ilinyimwa uvivu.

Rhine ndo kisa maarufu. Mhandisi Johann Gottfried Tulla alianza kuunyoosha mwaka 1817, kazi ikaendelea hata baada ya kifo chake mpaka 1876, mikunjo ikakatwa mmoja baada ya mwingine, na sehemu kati ya Basel na Bingen ikafupishwa kwa kilomita 81. Lengo lilikuwa kuzuia mafuriko, kupata ardhi ya kulima na kupunguza malaria, na tusimlaumu kirahisi, watu walikuwa wanakufa na vijiji vinazolewa. Ila mto ulionyooshwa unakimbia, ukikimbia unachimba kitako chake, kitako kikishuka maji ya ardhini yanashuka nayo, na vile vijiziwa vya pembeni vinabaki juu bila maji ya kuvijaza. Hungary nako mto Tisza ulianza kunyooshwa mwaka 1846 ukapoteza takriban kilomita 450 za urefu wake. Unaweza kupiga hesabu mwenyewe ni kona ngapi zilizotulia zilipotea hapo, na kila kona ilikuwa nyumba ya natans na mamia ya viumbe wengine.

Kilichobaki baada ya kunyoosha kikapata matatizo madogo madogo yanayojumlishana. Vijiziwa vinajaa tope taratibu, jambo la kawaida, zamani mto ulikuwa unatengeneza vipya lakini sasa hautengenezi, kwa hiyo kila kinachojaa ni hasara isiyorudi. Watu wa mitaro wanachota tope wakati wa baridi kwa sababu maji yanaonekana matupu, na humo ndo spora zote zimelala. Boti zenye injini zinatikisa maji na kutupa mimea ukingoni inakokaukia. Kwenye mashamba ya mpunga ya Japani na Italia dawa za kuua magugu hazibagui gugu la mpunga na kangaga la kale. Samaki waliopandwa kusafisha mabwawa, hasa yule mla majani anayetoka Asia ya mashariki, wanakula mimea ya majini bila kuuliza iko kiambatisho gani. Na tangu karne ya 19 kuna Azolla ya kutoka Amerika iliyoingia Ulaya ikatanda kwenye maji yale yale, yenyewe ina bakteria wake ndani ya jani wanaochukua nitrojeni hewani, kwa hiyo kwenye maji yaliyoishiwa nitrojeni inaendelea kukua wakati wenzake wamekwama.

Na mbolea? Hapa lazima tuwe waangalifu kidogo. Nimeshasema natans inapenda virutubisho, kwa hiyo mbolea kidogo inayotiririka kutoka mashambani haiiui, pengine inainenepesha. Tatizo linakuja ikizidi kabisa, maji yanageuka uji wa mwani, mwanga haufiki chini, spora zinaamka kwenye giza au zinafunikwa na tope jeusi lisilo na hewa. Ni suala la kipimo, sio la ndio au hapana.

Sasa kuna upande mwingine wa hadithi ambao wahifadhi wengine hawapendi kuusema kwa sauti. Kuna sehemu natans inaongezeka. Kwenye delta ya mto Vistula kaskazini mwa Poland, karibu na Gdańsk, miaka ya karibuni imetanda kwenye mifereji na mito midogo kwa wingi ambao haukuwepo zamani. Ukraine, ambayo iliuweka mmea huu kwenye Kitabu chake Chekundu, yani orodha ya kitaifa ya spishi zilizo hatarini, imeshuhudia ghuba za Dnipro pale Kyiv zikigeuka kijani mwishoni mwa kiangazi. Mabwawa makubwa yaliyojengwa kwenye Dnipro karne ya 20 yaliutuliza mto, msimu wa joto umerefuka, na vuli inachelewa hivyo spora zinapata muda wa kukomaa. Mmea ambao babu za watu wa huko waliukuta kwa nadra, wao wanaukuta umezunguka mtumbwi.

Je, huo ni ushindi? Kwa maoni yangu ni nusu. Zulia nene la natans linazuia mwanga kama zulia lolote, mimea iliyo chini ya maji inapata shida na oksijeni inaweza kupungua, kwa hiyo mvuvi wa pale akilalamika ana hoja, na kumjibu tu kwamba mmea unalindwa ni kumdharau. Kwa upande mwingine, kuongezeka kwenye mfereji wa Gdańsk hakumrudishii Mwitaliano kijiziwa chake kilichofukiwa. Hata pale panapojaa bado kuna tofauti na molesta, maana baridi ikija zulia linaondoka lenyewe, kila mwaka, bila fukusi wala dawa. Mimi naona sheria inayomlinda natans kila mahali kwa kiwango kimoja itaendelea kuonekana ya kijinga kwa watu wa Kyiv na dhaifu kwa watu wa Rhine. Ulinzi ungefuata bonde, mto kwa mto, malalamiko mengi yangeisha.

Basi uhifadhi wake unafanyikaje? Watu wakisikia uhifadhi wa mmea wanapiga picha kichwani ya mtu na kitalu. Kupanda natans ni kazi nyepesi mno, bustani za mimea zinaiotesha kwenye mabeseni, na ndo maana kuipanda peke yake haisaidii: ukiitupa kwenye ziwa lililopoteza kina kifupi na utulivu, itakua kiangazi kimoja, itapendeza, itapigwa picha na mwakani haipo. Kinacholindwa ni maji. Kuzuia ziwa lisifukiwe, kuchota tope kwa vipande badala ya ziwa zima kwa wakati mmoja ili spora za upande mwingine zibaki, kuzuia boti zenye kasi kwenye ghuba fulani, na zaidi ya yote kuurudishia mto nafasi ya kufurika.

Delta ya Danube upande wa Romania ni mfano ninaoupenda. Wakati wa utawala wa kikomunisti sehemu za delta zilizungushiwa matuta zikakaushwa ili ziwe mashamba, na mashamba mengine hayakulipa hata gharama, ardhi ikawa na chumvi. Eneo likatangazwa hifadhi ya bayongahewa, yani ya mazingira yote pamoja na viumbe wake, mwaka 1990 na mwaka uliofuata likaingia kwenye Urithi wa Dunia. Afu ikafanyika kazi ambayo kwa macho ni ndogo, wakatoboa matuta. Kisiwa cha Babina, kama hekta 2,100, kilifunguliwa mwaka 1994, na Cernovca, kama hekta 1,580, mwaka 1996. Maji yakaingia, matete yakarudi, samaki wakarudi kuzaliana, mimea ya majini ikarudi kwenye mitaro iliyokuwa mikavu. Hakuna aliyehitaji kupanda kila kitu kwa mkono, mafuriko yana tabia ya kubeba mbegu na spora yenyewe. Delta hiyo bado ni moja ya sehemu bora Ulaya za kuiona natans ikiishi kama inavyotakiwa kuishi.

Kuna wanaouliza kwa ukali, faida yake nini hasa, mmea wenyewe hauliwi. Sawa, wanaouliza hivyo wapewe jibu la vitendo. Vile vinyweleo vya jenasi hii vinashikilia tabaka la hewa hata jani likizamishwa, na mwaka 2010 kundi la watafiti akiwemo Wilhelm Barthlott wa Bonn lilieleza siri yake kwa kutumia molesta: unywele wote unakataa maji isipokuwa ncha yake ya juu kabisa inayoyashika, kwa hiyo maji yanabanwa pale nchani na hewa inafungiwa chini yake. Tangu hapo wahandisi wanajaribu kuiga hilo kwenye rangi za meli, maana meli inayoteleza juu ya tabaka la hewa inakwaruzana kidogo na maji na inakula mafuta kidogo. Mwaka 2018 Salvinia cucullata ya Asia na Azolla zikawa makangaga ya kwanza kusomwa jenomu yake yote, yani maandishi yote ya urithi wake, kwa sababu makangaga mengi yana jenomu kubwa za kutisha na hii ya Salvinia ni ndogo mno kwa viwango vyao. Natans yenyewe inajaribiwa maabara kunyonya metali nzito kwenye maji machafu. Hapo ongeza tahadhari: kunyonya metali hakumaanishi maji yamesafika, mmea ukifa na kuzama metali zinarudi chini, lazima mtu auvune autoe. Wanaouza wazo kwamba ukitupa kangaga kwenye maji ya kiwanda kila kitu kinakuwa safi wanarukia mbele.

La mwisho ni la wafugaji wa samaki wa matangi, maana huko ndo jina natans linatumika vibaya kupita kote. Sehemu kubwa ya mimea inayouzwa kwa jina hilo ni ndugu zake wa Amerika, auriculata au minima, wakati mwingine molesta mwenyewe bila muuzaji kujua. Dalili ya kwanza ni msimu. Kama mmea wako unakaa kijani miezi yote bila kuonyesha dalili ya kuchoka ikifika vuli, kuna uwezekano mkubwa sio natans. Dalili ya uhakika zaidi ni vinyweleo, na hapa utahitaji lenzi ya kukuza hata ile ya bei ya chini. Chukua jani changa, sio la zamani kwa sababu la zamani vinyweleo vimeshavunjika na vitakudanganya, liweke kwenye mwanga wa pembeni uangalie juu yake. Vinyweleo vinaota kwa vikundi vya vitatu au vinne juu ya kijinundu. Kwa natans kila unywele una ncha yake huru, zimetawanyika. Kwa molesta na auriculata ncha zinakunjana na kushikana juu, zinaacha uwazi katikati. Ukikuta zimeshikana, mmea huo usiutoe nje ya tangi kwa namna yoyote, na ukitaka kuutupa ukaushe juani mpaka uwe mkavu kabisa kwanza, usiumwage kwenye mtaro wala kwenye sinki.